Mbwa, paka na njiwa wetu wanatusaidia nini kiafya? Watu wa Kigoma tukutane hapa

BINTI WA GUNGU (mleta uzi)

Wakuu, mwakeye.

Naleta mada ambayo huku kwetu tumezoea kuwaachia wenye nafasi zao. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Kigoma Ujiji. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba: nani anameza dawa za presha, nani kaacha, nani katoka kujifungua, mzee yupi siku hizi hatoki ndani. Katika mizunguko hiyo kuna jambo nililiona likijirudia mpaka nikaanza kulisomea. Mnyama wa nyumbani, awe paka wa jikoni, mbwa wa ulinzi au njiwa wa juu ya paa, anamsaidia mtu mwili na akili, na msaada huo kwa sehemu kubwa unatokana na kazi ya kumtunza.

Nasisitiza hapo kwenye kazi, kwa sababu habari hizi zikitajwa watu hufikiria kumpakata tu. Kumpakata kuna faida, nitaifikia. Ila mwangalie mstaafu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri miaka yote ya utumishi. Akishakaa nyumbani bila kitu kinachomngoja, siku inamvurugikia. Mchana analala, usiku yuko macho, kidonge cha asubuhi anakimeza alasiri au anakisahau kabisa. Mtu huyohuyo akiwa na njiwa wanaoparua bati kukipambazuka wakidai mtama, anaamka. Akiamka ananawa, akinawa anakula, akila anakumbuka dawa. Haya nayaona nyumba hadi nyumba.

Sasa tafiti, maana najua humu hamkubali maneno matupu.

Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 92 waliolazwa kwa ugonjwa wa moyo. Kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani, 3 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kati ya 39 wasio naye, walifariki 11. Idadi ya watu ni ndogo, lakini utafiti ule ndio uliowafanya wengi waanze kulichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2017 Uswidi walitoa mkubwa zaidi: watu zaidi ya milioni 3.4 wa umri wa miaka 40 hadi 80, waliofuatiliwa kwa miaka 12 kupitia kumbukumbu za serikali. Wanaoishi peke yao wakiwa na mbwa, hatari yao ya kufa katika kipindi hicho ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko wanaoishi peke yao bila mbwa. Kwa wanaoishi na familia, tofauti ilikuwepo pia, ila ndogo. Aliye mpweke ndiye aliyefaidika zaidi, na hapo ndipo mimi nilipokaa nikatafakari wazee wa mitaa yangu.

Upande wa akili: mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Washington State kiliwachukua wanafunzi 249. Waliopewa dakika 10 za kushika na kucheza na paka na mbwa, mate yao yalionyesha kotisoli kidogo kuliko waliokaa kungoja zamu, waliotazama wenzao au walioonyeshwa picha. Kotisoli ni homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Ikikaa juu muda mrefu inavuruga usingizi, sukari na presha. Na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, walionyesha kwamba mbwa na mwenye naye wakitazamana machoni kwa muda, oksitosini hupanda kwa wote wawili, mtu na mbwa. Hiyo ndiyo homoni inayotoka mama anaponyonyesha. Walijaribu na mbwamwitu waliolelewa na watu, haikutokea.

Jambo moja linalotuhusu sisi watu wa ziwa. Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vikuu vya Plymouth na Exeter, Uingereza, waliwapima watu waliosimama mbele ya tangi kubwa la samaki. Mapigo ya moyo yalishuka, presha ikashuka, na kadiri samaki walivyoongezwa tangini ndivyo watu walivyotazama kwa muda mrefu na kujisikia vizuri zaidi. Sasa fikirini: Tanganyika ina zaidi ya spishi 200 za samaki jamii ya sikilidi, karibu wote hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Wengine hukamatwa hapahapa Kigoma wakiwa hai, wanafungwa kwenye mifuko yenye maji na hewa, wanapandishwa ndege kwenda kupamba sebule za Ulaya na Asia. Watu wa mbali wanatulizwa moyo na samaki wetu. Sisi tulio kando ya maji yenyewe tunapita haraka kuwahi daladala.

Na tusimsahau Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliyefika Gombe hapa kwetu Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Alipokwenda kusoma Cambridge aliambiwa ni kosa kuwapa sokwe majina na kusema wana tabia na hisia. Yeye alisema mara nyingi kwamba mwalimu wake wa kwanza katika jambo hilo alikuwa mbwa aliyeitwa Rusty, aliyeshinda naye utotoni. Mtu aliyewafahamisha walimwengu Kigoma yetu alianza kuelewa viumbe kwa mbwa wa jirani.

Nimalizie na nyumba moja, bila kutaja mtaa. Mama mkubwa wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, vidole vikajikunja. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mpira laini wa kuminya. Aliuminya siku za mwanzo, akauweka chini ya mto, basi. Alisema mpira haumwambii kitu. Mjukuu wake anafuga njiwa uani. Tukaanza kumkalisha mama kwenye kigoda, kisahani cha mtama upande wa kushoto, tukamwomba awalishe kwa mkono wa kulia. Inabidi anyooshe mkono hadi kwenye kisahani, akusanye punje kwa vidole, afumbate, avuke nao mbele ya mwili, kisha afumbue. Kufumbua ndiko kugumu. Unaona kidole gumba kinatetemeka, cha shahada kinafuata, halafu punje zinaanza kudondoka moja moja, na njiwa wako miguuni wanasukumana, hawamngoji. Njiwa mmoja mweupe mwenye manyoya miguuni hupanda gotini, basi mama anamgombeza na kufumbua haraka zaidi. Anarudia hivyo mpaka kisahani kinaisha, asubuhi na jioni, bila mtu kumwambia afanye mazoezi. Leo anashika kikombe cha chai kwa mkono ule. Siwaambii njiwa wametibu kiharusi. Mazoezi ndiyo yaliyomsaidia, njiwa wakampa sababu ya kuyafanya.

Karibuni. Nani mwingine ana la kwake, na nani anapinga?

MZEE WA RELI

Binti, umenigusa. Nimetumikia reli mpaka nimestaafu, na marehemu mke wangu alitangulia muda mfupi baadaye. Watoto wako Dar na Mwanza. Nyumba ilinishinda. Nilikuwa nawasha redio vyumba viwili ili kuwe na sauti.

Mbwa huyu aliachwa na mpangaji. Koko wa kawaida, sikio moja limekatika. Kila jioni lazima atoke, asipotoka anazunguka mlangoni mpaka nami nashindwa kukaa. Tunateremka Mwanga hadi karibu na stesheni, tunarudi kwa kupandisha, na wenyeji mnajua mlima ule ulivyo. Daktari alinitaka nitembee kwa sababu ya sukari. Kwa agizo la daktari sikutembea, kwa ajili ya mbwa natembea.

Na kuna jingine. Nilipokuwa napita peke yangu watu walisema shikamoo, wakapita. Sasa wananisimamisha: "Mzee, anang'ata huyu? Anaitwa nani? Anakula nini?" Watoto wa njia nzima wananijua kwa jina la mbwa. Nikikosekana siku mbili kuna mtu anabisha hodi kuuliza kama tuko salama.

BINTI WA GUNGU

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa msiba. Hilo la watu kukusimamisha limeonekana kwenye tafiti za nchi kadhaa: anayetembea na mbwa husalimiwa na kuzungumzishwa na watu asiowajua kuliko anayetembea peke yake. Na ile njia yako ni tiba. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaomfanya ahemee juu kidogo. Mlima wa Mwanga unakutimizia hayo.

KIJANA WA KIBIRIZI

Mkuu, nakuheshimu ila napinga. Kwanza hizo ni nchi ambako mbwa ana bima na kitanda. Sisi dagaa wakikosekana mwezi mzima nyumba inalala na uji, halafu unaniambia nilishe mbwa ili nisiwe na msongo? Kiumbe kingine cha kulisha ni msongo wenyewe. Pili, labda wenye mbwa ndio wenye afya na hela tangu mwanzo, ndiyo maana wanaishi. Mgonjwa hoi atamtembezaje mbwa?

BINTI WA GUNGU

Kijana, swali lako la pili ni zuri sana na watafiti wenyewe wanaliuliza. Wale wa Uswidi walikiri wazi kwamba takwimu zao hazithibitishi kuwa mbwa ndiye sababu. Inawezekana kabisa wenye nguvu ndio wanaochukua mbwa. Ndiyo maana Chama cha Moyo cha Marekani, kilipotoa tamko lake mwaka 2013, kilisema kufuga kunaweza kuhusishwa na kupungua kwa hatari za moyo, hasa kwa mbwa, na papo hapo kikaonya mtu asichukue mnyama kwa lengo hilo pekee.

Kuna utafiti mmoja unaojibu swali lako kwa karibu zaidi, kwa sababu watu waligawanywa kwa kura. Karen Allen na wenzake, New York, mwaka 2001, waliwachukua madalali wa hisa 48 wenye presha ya juu. Wote walianzishiwa dawa ileile. Nusu yao wakachukua paka au mbwa. Miezi 6 baadaye, presha ya mtu akiwa ametulia ilikuwa imeshuka kwa wote, kwa sababu ya dawa. Lakini walipotingishwa kwa hesabu za kichwa na kutakiwa kutoa hotuba, presha ya wenye wanyama ilipanda kidogo tu, ya wengine ikaruka. Kwa hiyo kidonge kilikuwa na kazi yake na mnyama alikuwa na yake. Yeyote anayesoma hapa asije akaacha dawa kwa sababu ana paka.

Kuhusu gharama, nakubaliana nawe kabisa kwamba asiye na uwezo asijitwike. Mbwa mwenye njaa ni mateso kwake na kwa wewe unayemtazama, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze. Ila tusipige hesabu ya mbwa wa kizungu. Paka wa Kibirizi anaishi kwa vichwa vya migebuka na dagaa waliovunjika wakati wa kuanikwa. Kwenye nyumba nyingi ninazopita mnyama tayari yupo na anakula. Kinachokosekana ni mtu kumkaribia. Mbwa kafungwa mnyororo nyuma ya choo mchana kutwa, anafunguliwa usiku, hajui mkono wa mtu isipokuwa ule unaorusha jiwe. Huyo hawezi kumsaidia mtu kitu, na hata ulinzi wake ni wa woga.

MKE WA MVUVI

Naunga mkono kwa upande wangu. Giza la mwezi likiingia mume wangu yuko ziwani usiku kucha, nami na watoto peke yetu. Kabla hatujapata mbwa nilikuwa nashtuka kila bati likilia. Sasa nimejifunza kumsikiliza. Akinyamaza, nalala. Akibweka mara moja na kurudi kulala, ni mpita njia. Usingizi wangu umerudi, na hasira kwa watoto asubuhi imepungua. Si mbwa wa kumpakata, lakini namlisha mwenyewe kwa mkono wangu, na mimi peke yangu ndiye ananifuata mpaka kisimani.

MSWAHILI WA UJIJI

Assalaam alaykum. Dada, mada ni njema lakini wengi wetu Ujiji ni Waislamu. Mbwa ndani ya nyumba ni mtihani kwa ajili ya sala. Mnatuambiaje?

USTADHI WA BUZEBAZEBA

Waalaykum salaam warahmatullah. Niruhusuni niseme ninachokijua.

Kwa paka hakuna tatizo. Kuna hadithi ya Kabsha bint Kaab, alipomwekea Abu Qatada maji ya udhu. Paka akaja, Abu Qatada akamwinamishia chombo anywe. Kabsha akashangaa. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wale wanaozunguka kwenu. Na Abu Huraira, aliyepokea hadithi nyingi kuliko swahaba mwingine yeyote, jina lake hilo maana yake ni mtu wa kipaka. Na kinyume chake kuna yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie.

Kwa mbwa, sisi wafuasi wa Imamu Shafii tunahesabu mate yake najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa kwa matamko, na wanachuoni wengi wakampima wa ulinzi wa nyumba kwa hao. Akae uani, awe na chombo chake, nguo ya sala uiweke mbali. Hayo hayakuzuii kumhurumia. Yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza khufu yake (kiatu cha ngozi) maji na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu alimsamehe. Nasikitika nikiona vijana wetu wanampiga mbwa mawe njiani na kudhani wanatetea dini.

Mimi nafuga njiwa na paka wawili. Baada ya darsa la alfajiri nakaa nao. Nikiwa nimeudhika, pale ndipo naporudi kuwa sawa.

BINTI WA GUNGU

Jazakallahu kheri, ustadhi. Umelieleza kuliko ambavyo ningeweza mimi, na hilo la mawe nakuomba ulitamke siku moja msikitini pia.

DAKTARI WA MIFUGO

Nimesoma uzi wote kwa furaha, lakini kama mtaalamu siwezi kuwaacha mwende hivihivi. Mnyama asiyetunzwa anawarudishia ugonjwa.

Kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wako Afrika na Asia. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kuzuia kunawezekana kabisa. Mbwa na paka wachanjwe wakifikisha miezi 3, kisha warudie kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur aliyeanzisha chanjo hiyo mwaka 1885, ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi halmashauri huchanja katika kipindi hicho. Muulizeni afisa mifugo wa kata yenu mapema.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Hapana, si kumwagia tu. Keti naye, mimina, sugua na sabuni, mimina tena. Halafu moja kwa moja kituo cha afya kwa chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ni wako. Msipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Nimeona watoto wanaficha kwamba wameumwa kwa kuogopa kuchapwa. Waambieni watoto wenu leo kwamba hakuna atakayechapwa kwa kusema.

Mengine kwa haraka. Minyoo: wapeni dawa wanyama, na watoto wanawe mikono wakitoka kucheza nao. Mapunye yanatoka kwa paka kwenda kwa mtoto, paka mwenye mabaka yasiyo na manyoya atibiwe kabla hajapakatwa. Wajawazito wasishughulike na kinyesi cha paka kwa sababu ya toksoplazima, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine akisafishe kila siku, kwani vijidudu vyake huhitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuweza kuambukiza. Wenye njiwa, vumbi la kinyesi likivutwa miaka mingi linaumiza mapafu. Nyunyizia maji kabla ya kufagia banda na ufunge kitambaa puani. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo. Na mhasi mbwa na paka wenu, ili msije mkawatupa watoto wao jalalani.

MAMA WA MMOJA

Naomba nichangie kidogo. Mwanangu ana usonji. Hazungumzi na watu sana na shule ilikuwa mtihani. Jirani alimpa sungura. Sasa anaongea na sungura sentensi nzima, na watoto wa jirani wakija kumwona sungura anawaambia "polepole, anaogopa". Kabla ya hapo hakuwa akiwaelekezea neno. Kuna mtu anajua kama hili limetokea kwingine?

BINTI WA GUNGU

Dada, limetokea. Australia mwaka 2013 mtafiti Marguerite O'Haire na wenzake waliwatazama watoto wenye usonji wakiwa darasani na wenzao, mara na vitu vya kuchezea, mara na simbilisi. Wakiwa na simbilisi waliongea zaidi, waliwatazama watu usoni zaidi, walitabasamu zaidi na walilia mara chache zaidi. Hata miaka ya 1960, mwanasaikolojia Boris Levinson wa New York aliandika kwamba mtoto aliyekataa kusema naye alifunguka mbwa wake, Jingles, alipokuwemo chumbani. Endelea naye hivyohivyo, na wale watoto wa jirani wakaribishe. Hongera sana mama.

DEREVA WA KASULU

Wakuu, kuna jamaa anauza ngedere mchanga, mama yake aliuawa shambani. Mwingine ana kasuku wa kutoka ng'ambo, Kongo, anaongea. Hao nao si wanafaa? Nafikiria niwachukulie wanangu.

DAKTARI WA MIFUGO

Usichukue hata mmoja. Ngedere ni mnyamapori, kumweka nyumbani bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Akiwa mchanga anashikika, akikomaa anang'ata, na meno yake yanafika kwenye mfupa. Magonjwa kati ya jamii ya nyani na sisi yanahama pande zote mbili. Sokwe wa Gombe walipata ugonjwa wa kupooza unaofanana na polio mwaka 1966, wakati ambapo ulikuwepo kwa watu wa eneo hili. Kasuku wa kijivu naye, nchi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, ziliamua mwaka 2016 kuzuia biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini, kwa sababu wanaisha. Na ndege yule anaishi miongo mingi, ni mwenye akili, akifungiwa peke yake hujinyonyoa manyoya kwa huzuni. Toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori kuhusu huyo ngedere, ndiyo msaada pekee kwake. Wanao wapelekee kipaka.

MWALIMU WA KATUBUKA

Ninalo moja kabla uzi haujafungwa. Mbwa wetu alikufa mwezi uliopita. Binti yangu wa darasa la nne alilia wiki nzima, hakula vizuri. Ndugu walimcheka, "analilia mbwa!" Nilihisi wanakosea ila sikujua niseme nini.

BINTI WA GUNGU

Walikosea, mwalimu. Kwa mtoto huenda huo ndio msiba wake wa kwanza, na majonzi yake ni ya kweli sawasawa na mengine. Mwache alie, mruhusu amzungumzie, mueleze wazi kwamba amekufa na hatarudi, usimwambie amesafiri. Usikimbilie kumletea mwingine kesho yake. Akianza mwenyewe kuuliza habari za mbwa mwingine, hapo mnaweza kuzungumza. Na asipokula au asipolala kwa majuma mengi, mlete kituoni tuonane naye.

MJUKUU WA BANGWE

Dada, bibi yangu ana miaka 74, ana presha, wakati mwingine kizunguzungu. Anakaa peke yake mchana. Baada ya kusoma hapa nataka kumpelekea mtoto wa mbwa mwishoni mwa wiki hii. Nimpeleke?

BINTI WA GUNGU

Mtoto wa mbwa hapana. Anaruka, anauma nguo, anajipitisha miguuni, na bibi mwenye kizunguzungu akianguka akavunjika nyonga utajuta. Marekani peke yake ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 86,000 kwa mwaka walitibiwa kwa kuanguka kulikosababishwa na paka na mbwa.

Kwanza mpeleke bibi akapimwe hicho kizunguzungu, huenda dozi ya dawa inahitaji kurekebishwa. Kisha muulize yeye anapenda nini, maana nimeona watu wanapelekewa wanyama wasiowataka. Kama anapenda paka, mtafutie aliyekwisha kukua, mtulivu, aliyechanjwa na kuhasiwa, mfunge kikengele shingoni ili bibi amsikie anapokuja. Bakuli la chakula liwekwe juu ya kigoda kando ya ukuta, ili bibi asiiname na asilikanyage gizani. Panga pia nani atamlisha siku bibi akilazwa. Kama anapenda njiwa, banda lisiwe juu, liwe usawa wa kifua, na usafi ufanye wewe kila Jumamosi.

Nitakuwa Bangwe Alhamisi kwa mzunguko wangu. Nitumie ujumbe faraghani nikapite nimpime presha.